Kadi ya mteja na pointi: maswali ya wenye maduka, saluni na migahawa Dodoma

Maswali haya kuhusu kadi ya mteja, ile inayogongwa muhuri au kuandikiwa pointi kila anaponunua hadi afikie zawadi, ndiyo yanayorudi kila mara, yawe ya mwenye duka la rejareja Majengo, saluni Area C, mgahawa wa karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au duka la pembejeo Kibaigwa. Bei zilizomo ni za mfano tu. Weka za kwako, njia ya kukokotoa ni ileile.

Kadi ya mteja ina tofauti gani na punguzo la kawaida?

Punguzo analipata yeyote aliyeingia leo, hata kama hutamwona tena. Zawadi ya kadi anaipata aliyerudi. Mama wa genge anayemwongezea mteja wake nyanya mbili juu ya fungu anafanya jambo hilohilo, ila hesabu yake iko kichwani. Kadi inaitoa kichwani na kuiweka kwenye maandishi, ili siku yeye ameenda msibani, aliyeachiwa genge ajue nani amefikia wapi.

Kama wateja hawarudi kwa sababu foleni ni ndefu, bidhaa hukosekana au chenji inarudishwa kwa pipi, rekebisha hilo kwanza. Kadi haitafuta kero hiyo. Itakuongezea gharama tu.

Ni biashara zipi zinafaa?

Zile ambazo mteja anarudi angalau mara moja kwa mwezi na wewe unabaki na faida ya kutosha: vinyozi, saluni, migahawa, sehemu za kuoshea magari, vipodozi, dobi, steshenari za karibu na vyuo.

Wakala wa fedha za simu hana nafasi ya kuchezea, maana kamisheni yake imepangwa na kampuni. Duka la dawa nalo liache: si vizuri mtu ashawishike kununua dawa asiyoihitaji ili ajaze kadi.

Duka la vifaa vya ujenzi ni suala la pekee, na kwa jinsi Dodoma inavyojengwa swali hili ni la kila wiki. Mwenye nyumba anajenga mara moja, halafu humwoni. Anayerudi ni fundi. Kwa hiyo wengi humpa kadi fundi, na hapo ndipo ugomvi huanzia: fundi anaagiza mifuko ya saruji kupita mahitaji, au bei ya mwenye nyumba inapandishwa kimyakimya ili fundi apate chake. Ukitaka kumzawadia fundi, bei iwe moja kwa wote, risiti iandikwe jina la mwenye nyumba, na zawadi iwe kifaa cha kazi kama futi, mwiko, glovu au pima maji, si fedha mkononi. Na kadi yenyewe ibandikwe ukutani dukani, kila mtu aione. Ikiwa ni jambo ambalo mwenye nyumba hatakiwi kulijua, hiyo ni kamisheni ya siri, usiiite zawadi.

Nitoe kiasi gani bila kujiumiza?

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Watu hupanga zawadi kwa kuangalia mauzo, ilhali zawadi inalipwa na faida ghafi, yaani bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia.

Chukua duka la vyakula lenye faida ghafi ya asilimia 8. Umetangaza pointi 1 kwa kila shilingi 1,000, na pointi 100 ni sawa na 2,000. Inasikika kama kidogo: asilimia 2 tu. Lakini mteja akinunua vya 100,000, wewe ulibaki na 8,000, na sasa umempa 2,000. Umetoa robo ya faida yako. Ili urudi kwenye 8,000 ileile, mteja huyo lazima anunue vya zaidi ya 133,000. Je, familia itaongeza theluthi nzima ya unga na sukari kwa ajili ya kadi? Haiwezekani, tumbo halina pointi.

Kipimo cha kuanzia: zawadi iwe kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tano ya faida ghafi. Duka la asilimia 8 lisivuke asilimia 1.6 ya mauzo, na ni afadhali lianze na 1, yaani pointi 100 ziwe 1,000. Duka la vipodozi lenye faida ya asilimia 25 linaweza kutoa kuanzia 2.5 hadi 5.

Njia nyingine kwa duka la mtaani ni kutoa pointi kwa bidhaa zenye faida tu: sabuni, mafuta ya kupaka, daftari, biskuti. Sukari, unga na mafuta ya kula viachwe nje. Andika hivyo kwenye kadi yenyewe kabla hujaanza, kwa sababu mteja aliyenunua mfuko wa unga akaambiwa "huu hauhesabiki" mbele ya watu hatarudi.

Na kwa mgahawa, "sahani ya 11 bure" inanigharimu nini?

Sema sahani ya wali ni 3,500 na vitu vilivyomo, mkaa na vyote, ni 2,000. Mteja akila sahani 10 umepata faida ghafi 15,000. Ya bure inakutoa 2,000, kama asilimia 13 ya faida hiyo. Ni salama.

Ila hiyo ni endapo mteja asingekuja siku hiyo. Kama angekuja akalipa kama kawaida, umepoteza 3,500 nzima, asilimia 23. Ukweli huwa katikati, na ndiyo maana mihuri 10 ni bora kuliko mihuri 5 kwa mgahawa ambao tayari umejaa mchana. Mgahawa uliojaa saa saba mchana una njia nyingine: sahani ya bure itolewe siku za Jumamosi tu, au baada ya saa tisa, wakati meza ziko wazi.

Kinyozi wangu analipwa kwa kichwa. Kichwa cha bure analipwa na nani?

Swali zuri, na wengi hulikumbuka wakiwa wameshachapisha kadi. Kunyoa ni 3,000, kinyozi anachukua nusu. Umeahidi cha kumi bure. Mteja amelipa 27,000 kwa vichwa tisa, lakini kinyozi amefanya kazi kumi, anadai 15,000. Kwako inabaki 12,000 badala ya 15,000. Mteja anaona amepewa asilimia 10, wewe umetoa 20 ya sehemu yako.

Ukimnyima kinyozi, utaona kwa macho: mwenye kadi iliyojaa anaambiwa asubiri, anayelipa anapitishwa mbele yake kwenye foleni, mashine inapita mara mbili badala ya nne. Mlipe. Kama 20 ni nyingi, fanya cha kumi kiwe nusu bei: mteja analipa 1,500, hiyo inakwenda kwa kinyozi, na sehemu yako inapungua kwa asilimia 10 tu. Au zawadi iwe kitu ambacho hakina kamisheni, kama kuosha kichwa na mafuta.

Nianze na kadi ya karatasi, daftari au programu ya simu?

Wateja wako wakiwa chini ya 300, karatasi au daftari vinatosha. Programu nzuri zipo, lakini mteja anayenunua chipsi za 2,500 hatapakua kitu kwenye simu yenye nafasi finyu kwa ajili ya muhuri mmoja.

Kadi ya mihuri inafaa pale ambapo kila mteja ananunua kitu kimoja cha bei inayokaribiana. Bei zikitofautiana sana, kwa mfano mmoja ananunua cha 2,000 na mwingine cha 60,000, tumia pointi kwa shilingi, na hapo daftari ni bora. Chukua kaunta buku, kila mteja ukurasa wake, uupange kwa tarakimu nne za mwisho za namba ya simu. Safu ni tano: tarehe, namba ya risiti, kiasi, pointi zilizoingia, zilizobaki. Mteja akitaja tarakimu nne, unafungua na kumsomea jina ili athibitishe. Usimsomee namba nzima kwa sauti. Watu wengine wanasikia.

Ukihamia kwenye kompyuta, kosa la kwanza litakuwa hili: Excel inafuta sifuri ya mwanzo ya namba ya simu. 0754 inageuka 754, na mteja "hayupo." Badilisha safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, au andika namba zote kuanzia 255, tarakimu 12 bila alama ya kujumlisha. Uliza pia mteja anatumia laini ipi. Mwenye laini mbili atakuwa na kurasa mbili na malalamiko mawili.

Kadi ichapishwe vipi?

Milimita 85 kwa 55, karibu ukubwa wa kadi ya benki, iingie kwenye pochi. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi 10, kwa hiyo kadi 200 ni karatasi 20. Uzito wa karatasi uwe gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Chini ya hapo zinajikunja kwa jasho la mfukoni ndani ya wiki mbili.

Upande wa mihuri usiwe wa kung'aa na usifanyiwe lamination. Hili linaharibu kadi nyingi kuliko jambo lolote: wino haushiki kwenye plastiki, unapakaa kidole cha mteja, mihuri mitatu inakuwa doa moja la zambarau. Kama fundi uchapaji ana karatasi za kung'aa tu, acha muhuri, nunua kitoboleo chenye umbo la pekee kama nyota au jani. Tundu halifutiki, na vumbi la kiangazi cha Dodoma halilifanyi chochote.

Nyuma ya kadi weka masharti matano mafupi, si zaidi: kinachohesabika, zawadi ni nini, mwisho wa kutumia, kadi haibadilishwi kwa fedha, ikipotea inakuwaje. Na namba ya kupiga.

Mihuri mingapi?

Piga hesabu ya miezi, sahau mihuri. Mteja wa kawaida afikie zawadi ndani ya miezi miwili au mitatu. Anayekula kwako mara mbili kwa wiki, mihuri 10 ni wiki tano, sawa. Anayenyoa mara mbili kwa mwezi, mihuri 10 ni miezi mitano, ndefu mno. Mpe 6 yenye zawadi ndogo.

Halafu kuna hila halali. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio lililofanyika sehemu ya kuoshea magari Marekani. Kundi moja lilipewa kadi ya mihuri 8 tupu. Kundi la pili kadi ya mihuri 10, miwili ikiwa imeshagongwa. Safari zilizobaki ni nane kwa wote. Waliomaliza kadi kundi la kwanza walikuwa asilimia 19, la pili 34. Mtu akiona ameshaanza, hataki kuacha njiani. Kwa hiyo ukipanga mihuri 8, chapisha 10 na ugonge miwili ya kumkaribisha.

Kadi iishe muda lini?

Angalia msimu wa mteja wako. Mwenye duka la pembejeo anayeandika "miezi 6" anamwonea mkulima wa Kongwa au Chamwino: mvua ni msimu mmoja, mbegu inanunuliwa kuelekea Desemba, na mtu huyo hutamwona kwa kununua kwa uzito mpaka msimu ujao. Mpe miezi 18. Wanaolima zabibu Hombolo huvuna mara mbili kwa mwaka, hao miezi 12 inawatosha.

Mgahawa au saluni ya karibu na chuo isihesabu likizo ndefu. Andika tarehe ya mwisho inayoangukia katikati ya muhula, si mwezi ambao vyumba viko tupu. Walio karibu na Bunge wanajua kuwa Aprili hadi Juni, wakati wa bajeti, mji unajaa wageni. Wageni hao kadi ya mihuri 10 haiwafai, watakuwa wameondoka. Wape ya mihuri 4 au usiwape kabisa. Kwa biashara nyingine zote, miezi 6 tangu muhuri wa mwisho ni muda wa haki.

Wateja wangu wanakopa. Wapate pointi?

Wapate siku wanayolipa, si siku wanayochukua. Ukigonga muhuri kwenye deni unamzawadia mtu kwa fedha ambayo hujaiona, na akichelewa huwezi kuufuta muhuri bila ugomvi. Mwenye duka akifanya hivyo kwa uthabiti, kadi inageuka kichocheo cha kulipa madeni.

Wizi unatokeaje?

Mara nyingi kutoka ndani. Mteja asiye na kadi analipa na kuondoka, mhudumu anagonga muhuri wake kwenye kadi ya shoga yake. Kwa pointi, anaziingiza kwenye namba yake ya pili. Hasara haionekani kwenye droo kwa sababu fedha iko kamili.

Dawa yake ni risiti moja, muhuri mmoja: risiti ikishapata muhuri inachorwa mstari kwa kalamu, na namba yake inaandikwa daftarini. Kila mwisho wa mwezi toa orodha ya namba 20 zenye pointi nyingi. Namba iliyopata pointi mara nne kwa siku moja kwenye duka la vipodozi si ya mteja. Muhuri usiwe ule wa "IMELIPWA" unaouzwa kila steshenari. Chonga wenye tarehe, na ulale kwenye droo yenye ufunguo. Ruhusu pia wahudumu wawe na kadi zao halali. Ukiwakataza kabisa, watatafuta njia.

Nikikusanya namba za simu kuna sheria?

Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa lugha ya dukani: mwambie mteja unachukua namba kwa kazi gani, chukua zile tu unazohitaji (jina na namba vinatosha, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, huna kazi nayo), usimpe mtu mwingine, na akitaka afutwe umfute. Daftari lisikae wazi juu ya kaunta mahali kila mtu anafunua.

Kadi ya mihuri isiyo na jina haina mzigo huu wote. Ni sababu nyingine ya kuanza nayo.

SMS au WhatsApp?

SMS moja ni herufi 160. Ukiweka kikatuni kimoja tu cha tabasamu, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe uleule unalipiwa mara mbili au tatu. Jina la mtumaji lina nafasi 11. Ukituma kwa jina badala ya namba, mteja hawezi kujibu, kwa hiyo "jibu ACHA" haina maana. Weka namba ya kupiga ndani ya ujumbe. Mfano unaotosha: "Umebakiza mihuri 2 upate sahani ya bure. Mwisho 30 Juni. Hutaki ujumbe? Piga" kisha namba yako.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, na inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana wengi hutuma kwa watu 200 na kujibiwa na 15. Mwombe mteja aihifadhi palepale kaunta. Kundi la WhatsApp usilifungue, namba za wateja wote zitaonekana kwa wote. Ujumbe miwili kwa mwezi ni mingi ya kutosha.

Naweza kuchezesha droo, mwenye kadi ashinde pikipiki?

Mshindi akipatikana kwa bahati, hiyo si kadi ya mteja tena. Ni mchezo wa bahati nasibu na unahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kila aliyejaza kadi akipata kilekile, hakuna bahati hapo. Vilevile usiruhusu pointi zitoke kama fedha taslimu au zihamishwe kutoka mteja hadi mteja. Unaanza kugusa mambo ya malipo yanayosimamiwa na Benki Kuu.

Risiti ya EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki) inakuwaje mteja akitumia pointi?

Bidhaa ya 10,000, pointi za 1,000, mteja amelipa 9,000: punguzo lionekane kwenye risiti na jumla isomeke 9,000, fedha iliyoingia kweli. Kuandika 10,000 huku droo ina 9,000 kunakutoza kodi kwa fedha ambayo hukuipata, na hesabu ya jioni haitakubali. Kwa kitu kinachotolewa bure kabisa, muulize mhasibu wako kabla ya kuanza, hasa kama umesajiliwa VAT.

Nitajuaje kama inalipa?

Anza kuandika wiki nne kabla ya kadi ya kwanza: wateja wangapi kwa siku, na wangapi kati yao ni wa kurudi. Bila hapo huna cha kulinganisha nacho.

Usilinganishe wenye kadi na wasio nayo. Wenye kadi wananunua zaidi kwa sababu ndio waliokuwa wateja wako wazuri tangu mwanzo, wakaiomba kadi. Linganisha mtu yuleyule kabla na baada: alikuwa anakuja mara tatu kwa mwezi, sasa mara ngapi? Baada ya miezi mitatu, kama idadi haijasogea, unalipa watu kwa safari ambazo wangekuja bure.

Hesabu pia deni. Kadi 300 mtaani, kwa wastani mihuri 4 kati ya 10, ni mihuri 1,200, sawa na sahani 120. Kwa gharama ya 2,000 kila moja ni 240,000 ambayo wateja wanaweza kuja kuidai. Wote hawatakuja, kadi nyingine zinafuliwa na suruali, lakini fedha hiyo isihesabiwe kama faida.

Nikitaka kuacha?

Toa tangazo la siku 60, limebandikwa kaunta na kutumwa kwa wote. Siku 30 za kwanza endelea kugonga mihuri, 30 zinazofuata ni za kuchukua zawadi tu. Aliyefika nusu au zaidi mpe sehemu yake: mihuri 6 kati ya 10, soda au nusu bei. Wa mwisho atakuja wiki moja baada ya kufunga, amesafiri, kadi imejaa na tarehe imepita. Mpe sahani yake.